Kiti na Mawe: Historia Ndefu ya Ujenzi wa Kanisa Kuu, kutoka Minara Miwili ya Zanzibar hadi Kitui na Makueni

Utangulizi

Mnamo tarehe 22 Julai 2023, Papa Fransisko aliunda jimbo jipya la Wote kwa kulimega Jimbo la Machakos, na Askofu Paul Kariuki Njiru akateuliwa kuliongoza. Kwa tendo hilo, waumini wa Makueni walipata kanisa kuu lao wenyewe katika siku ambayo hapakuwekwa jiwe lolote juu ya jingine. Kanisa lililokuwa la parokia jana likawa leo kanisa la kiaskofu. Aliyezoea kufikiri kwamba kanisa kuu ni jengo kubwa tu, lenye minara mirefu na kengele zinazosikika mbali, hana budi kujiuliza: ni nini hasa kilichojengwa siku hiyo, na kilianza kujengwa lini?

Makala haya yanadhamiria kulijibu swali hilo kwa kuufuatilia ujenzi wa kanisa kuu katika eneo ambalo zamani lilikuwa chini ya mamlaka moja ya kikanisa, kuanzia kisiwa cha Unguja hadi nyanda kavu za Ukambani. Hoja inayoendelezwa ni kwamba kanisa kuu la Makueni, kama lile la Kitui, ni hatua ya karibuni katika ujenzi ulioanza mwaka 1860, na kwamba ujenzi huo una pande mbili zisizotenganishwa: upande wa kiti na upande wa mawe. Upande wa kiti umehifadhiwa vyema katika nyaraka. Upande wa mawe, yaani kazi ya waashi, wachoma chokaa na wachota maji, umehifadhiwa zaidi katika msamiati wa Kiswahili kuliko katika vitabu, nao msamiati huo unapotea.

Kanisa Kuu ni Nini?

Neno linalotumiwa katika lugha nyingi za Ulaya kwa maana ya kanisa kuu linatokana na neno la Kigiriki na la Kilatini lenye maana ya kiti. Kanisa kuu, kwa hiyo, ni kanisa ambamo askofu ana kiti chake. Kiti hicho ni alama ya mamlaka ya kufundisha na kuongoza. Jengo lenye paa la mabati linaweza kuwa kanisa kuu endapo kiti hicho kimo, na jengo la fahari lenye matao na vioo vya rangi linaweza lisiwe kanisa kuu endapo kiti hakimo.

Kiswahili kimeiteua njia yake. Wasemaji wengi husema "kanisa kuu", na hapo ndipo utata huanzia, kwa kuwa msikilizaji hulisawazisha neno "kuu" na neno "kubwa". Ilhali Kiswahili sanifu hutofautisha dhana hizi mbili kwa makini. Mkuu wa shule si lazima awe mkubwa wa umbo, na sikukuu haina saa nyingi kuliko siku nyingine. Ukuu ni daraja, ukubwa ni kipimo. Anayeielewa tofauti hii ataelewa pia kwa nini historia ya kanisa kuu haiwezi kuandikwa kwa kupima urefu wa minara peke yake.

Msamiati wa jengo lenyewe unasimulia historia nyingine. Neno "kanisa" limetoka katika Kiarabu, kama yalivyotoka "mnara" na "msalaba". "Askofu" nalo limepitia Kiarabu likitokea Kigiriki. "Padri" ni neno la Wareno, na "altare" ni la Kilatini. Kitendo cha kuliweka kanisa wakfu huitwa "kutabaruku", neno lenye asili ya Kiarabu linalohusiana na baraka. Hivyo basi, Mkatoliki wa Mutomo au wa Kibwezi anapolitaja kanisa lake, huzungumza kwa maneno yaliyopita Bahari ya Hindi kabla ya kupanda bara. Lugha ilitangulia, mawe yakafuata.

Usuli: Wareno na Kukatika kwa Uzi

Ukatoliki uliwahi kufika pwani ya Afrika Mashariki pamoja na Wareno. Mwaka 1542 Fransisko Ksaveri alitua Malindi akiwa safarini kuelekea India. Ngome ya Yesu ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1593, na watawa wa Mtakatifu Agostino wakaweka makao yao mjini humo. Mwaka 1631 Yusuf bin Hasan, mtawala wa Mombasa aliyekuwa amebatizwa na kulelewa na Wareno, aliwaasi, na Wakristo wengi wakauawa. Ngome yenyewe ilitekwa na Waomani mwaka 1698 baada ya kuzingirwa kwa muda mrefu.

Kutokana na matukio hayo uzi ulikatika. Kwa zaidi ya karne moja na nusu hapakuwa na muundo wowote wa Kanisa Katoliki pwani wala bara. Ujenzi uliofuata ulianza upya kabisa, na haukuanzia Mombasa bali Unguja, ambako Sultani wa Zanzibar alikuwa ndiye mwenye nguvu katika pwani yote.

Miaka ya Maandalizi: 1860 hadi 1890

Mwishoni mwa mwaka 1860, kundi la wamisionari Wafaransa lililoongozwa na Padri Fava lilifika Zanzibar kutoka kisiwa cha Réunion. Mnamo 1863 kazi hiyo ilikabidhiwa Shirika la Roho Mtakatifu. Wamisionari hawa hawakuanza kwa kujenga kanisa kubwa. Walianza na zahanati, shule, na karakana za uhunzi na useremala. Sababu ilikuwa wazi. Waliishi katika mji wa Kiislamu kwa ridhaa ya Sultani, na waliohudumiwa mwanzoni walikuwa wagonjwa, mabaharia, na watoto waliokombolewa kutoka utumwani. Karakana ziliwapatia mapato na heshima, na kupitia kwazo likapatikana kundi la mafundi wenyeji.

Tarehe 4 Machi 1868 misheni ilifunguliwa Bagamoyo, mkabala na Unguja, na kikaanzishwa kijiji cha waliokombolewa. Aprili 1872 kimbunga kikali kiliipiga Unguja na pwani iliyo mkabala nayo, kikabomoa majengo mengi ya misheni hiyo changa. Ujenzi ulianza tena. Kanisa lililosimama Bagamoyo katika miaka hiyo ndilo lililoupokea mwili wa David Livingstone mnamo Februari 1874, baada ya watumishi wake Waafrika kuubeba kutoka Chitambo, katika nchi iitwayo sasa Zambia. Kanisa jingine kubwa zaidi lilijengwa kando yake kati ya 1910 na 1914. Historia ya Bagamoyo yaonyesha kanuni itakayojirudia kila mahali: kanisa la kwanza huwa la kuanzia, la pili huwa la kukaa.

Mwaka 1883 eneo hilo lilipandishwa hadhi likawa Vikarieti ya Kitume, chini ya Askofu Raoul de Courmont. Sasa palikuwa na askofu, na kwa hiyo palihitajika kiti. Ikumbukwe kwamba mamlaka hiyo iliyokuwa na makao Zanzibar ilihesabu pia nchi ya Wakamba kuwa sehemu yake, ingawa hakuna padri aliyekuwa akiishi huko.

Kusimama kwa Minara Miwili

Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu lilijengwa katika Mji Mkongwe wa Zanzibar katika muongo wa 1890, na kufikia mwaka 1898 lilikuwa limesimama. Ni kanisa la mtindo wa Kiromani, lenye minara miwili mirefu inayoonekana na kila chombo kinachoingia bandarini, ingawa mtu aliye katika vichochoro vya mji huweza kulipita bila kuliona. Vigae vya sakafu na vioo vya rangi vililetwa kutoka Ufaransa, na kuta za ndani zikapambwa kwa michoro ya habari za Agano la Kale. Wakaaji wa mji hawakulihangaikia sana jina la Mtakatifu Yosefu. Waliliita, na hadi leo wanaliita, Minara Miwili.

Jina hilo linastahili kuzingatiwa na mwanafunzi yeyote wa Kiswahili. Mji wa Zanzibar ulijaa misikiti, ambayo mingi haikuwa na mnara mrefu. Neno "mnara" lilikuwa la msikiti na la ngome. Wenyeji walipolitumia kwa kanisa, walilipa jengo geni mahali katika ramani yao ya mji kwa kuhesabu kile walichokiona. Hawakusema ni la nani wala la dini gani, walisema lina minara miwili. Ndivyo mji wa biashara unavyompokea mgeni.

Miaka ya ujenzi huo ilikuwa ya misukosuko. Zanzibar ilikuwa imekuwa himaya ya Uingereza tangu 1890. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Kiingereza ziliishambulia kasri ya Sultani kwa muda usiofika saa moja, na Hamud bin Muhammed akawekwa kwenye kiti cha enzi. Mwezi Aprili 1897 Sultani huyo alitia sahihi amri iliyoufutia utumwa uhalali wake wa kisheria visiwani. Kwa hiyo kanisa hili lilijengwa katika muongo ule ule ambao hali ya mtu kuwa mali ya mwingine ilikuwa ikiondolewa katika sheria. Anayeuliza ni mikono ya nani iliyobeba mawe ya Mji Mkongwe katika karne ya 19 hana budi kulikumbuka jambo hili.

Kazi ya Chokaa na Matumbawe

Uashi wa pwani ulitegemea vitu vitatu: matumbawe, chokaa na boriti. Mawe ya matumbawe yalichimbwa nchi kavu au kutolewa baharini. Chokaa ilipatikana kwa kuyachoma matumbawe juu ya rundo kubwa la magogo lililopangwa kwa mviringo. Baada ya moto kuzimika, chokaa ilimwagiwa maji, ikaachwa muda mrefu ilainike, kisha ikachanganywa na mchanga na udongo mwekundu. Kuta zilijengwa nene ili kuubeba uzito wa paa. Sakafu na paa bapa vilipondwapondwa na watu wengi kwa siku kadhaa, wakifuata mwendo wa nyimbo, hadi mchanganyiko ukashikamana.

Boriti zilikuwa za mikoko, zikiletwa kwa majahazi kutoka delta ya Rufiji na visiwa vya Lamu. Hapa ndipo palipokuwa na kikwazo cha kihandisi. Boriti ya mkoko haiwezi kubeba dari yenye upana unaozidi mita tatu hivi, ndiyo maana vyumba vya nyumba za kale za Waswahili ni virefu na vyembamba. Kanisa, kinyume chake, linahitaji ukumbi mpana usiozuiwa na nguzo nyingi. Mjenzi wa kanisa alilazimika kutafuta njia ya kulifunika pengo ambalo utaalamu wa wenyeji haukuwa umehitaji kulifunika.

Jirani wa Minara Miwili alikuwa amekwisha kulikabili tatizo hilo. Waanglikana walianza kujenga kanisa lao kuu huko Mkunazini mwaka 1873, mahali palipokuwa na soko la watumwa lililofungwa mwaka huo huo, na kazi ikaendelea hadi karibu na 1880. Askofu Edward Steere, ambaye pia ni mwandishi wa kitabu mashuhuri cha sarufi ya Kiswahili cha mwaka 1870, alilifunika kanisa hilo kwa tao la zege lililochanganywa saruji na vipande vya matumbawe. Husimuliwa kwamba baadhi ya nguzo za kanisa hilo ziliwekwa juu chini mafundi walipoachwa bila msimamizi, na hivyo ndivyo zilivyo mpaka sasa. Kisa hiki hurudiwa kila mara kwa kuwacheka mafundi. Ni nadra kusikia kikisimuliwa kwa namna nyingine: kwamba mtu aliyepewa nguzo ya umbo asilopata kuliona aliisimamisha, na haijaanguka kwa zaidi ya miaka 140.

Kwa upande wa Wakatoliki, mtu aliyeusikiliza mji huu kwa makini alikuwa Padri Charles Sacleux wa Shirika la Roho Mtakatifu, aliyefika pwani mwaka 1879 na kuishi huko kwa karibu miaka 20. Kamusi yake kubwa ya Kiswahili na Kifaransa, iliyotoka kuanzia mwaka 1939, ni miongoni mwa hazina kubwa za lahaja za pwani. Kwa hiyo kutokana na misheni ile ile yalipatikana majengo ya aina mbili: moja la mawe na jingine la maneno.

Kiti Chapanda Bara

Wakati Minara Miwili ilipokuwa ikikamilika, reli ilikuwa ikijengwa kutoka Mombasa. Kazi ilianza 1896, ikafika Nairobi mwaka 1899. Njiani reli ilipita katika nchi iliyo leo Kaunti ya Makueni: Kibwezi, Makindu, Emali. Kituo kimoja kilipewa jina la Sultan Hamud, kwa heshima ya Sultani yule yule wa Zanzibar aliyetawala minara ilipokamilika, baada ya yeye kuitembelea reli. Msafiri wa leo anayenunua machungwa Sultan Hamud huenda hajui kwamba jina hilo ni kiungo kati ya Makueni na mji wa Minara Miwili.

Ukambani haukuwa nchi isiyojulikana. Misafara ya Wakamba ilikuwa imezoea kupeleka pembe za ndovu Mombasa tangu mapema katika karne ya 19. Ludwig Krapf alifika Kitui mwaka 1849 akiwa mgeni wa Kivoi, mfanyabiashara mashuhuri, na kutoka huko akauona Mlima Kenya. Walutheri wa Leipzig walifanya kazi Ikutha na baadaye Mulango. Waskoti walianzisha misheni Kibwezi mwaka 1891 kabla ya kuhamia Kikuyu. Misheni ya Africa Inland ilianzia Nzaui, Makueni, mwaka 1895, chini ya Peter Cameron Scott, aliyefariki mwaka uliofuata. Wakatoliki, kwa hiyo, hawakuwa wa kwanza. Mapadri wa Roho Mtakatifu walifika Nairobi pamoja na reli mwaka 1899, na walianza kuwahudumia Wakamba kutoka Kabaa, upande wa Machakos, muda mfupi kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia.

Kadiri reli ilivyouvuta uchumi bara, ndivyo uzito wa Kanisa nao ulivyohama. Mombasa ilijengewa Kanisa la Roho Mtakatifu mwanzoni mwa miaka ya 1920, nalo pia lina minara miwili. Mwaka 1953 Nairobi ikawa jimbo kuu. Mwaka 1955 likaundwa Jimbo la Mombasa na Zanzibar, ambalo kiti chake kilikuwa Mombasa. Minara Miwili, kanisa lililokuwa mama wa makanisa haya yote, likabaki bila askofu wake. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 Zanzibar ilitenganishwa na Mombasa, na sehemu kubwa ya Wagoa waliokuwa wakilijaza kanisa hilo iliondoka. Ni mwaka 1980 tu ambapo Zanzibar ilifanywa jimbo kamili na kiti kikarejea. Katika miaka hiyo yote mawe hayakuondoka mahali pake.

Nairobi ilipohitaji kanisa kuu linalolingana na hadhi yake, kanisa dogo la mawe la mwanzoni mwa karne ya 20 liliondolewa na Kanisa la Familia Takatifu likajengwa kati ya 1960 na 1963. Msanifu wake alikuwa Dorothy Hughes, mmoja wa wanawake wa kwanza kushika taaluma hiyo nchini Kenya. Halikujengwa kwa kuiga Marseille wala Roma. Lilijengwa kwa zege, kwa mistari iliyonyooka, likakamilika katika mwaka wa uhuru. Mwaka 1982 lilipewa hadhi ya basilika ndogo.

Kitui, Machakos, Wote

Kitui ilifanywa Prefektura ya Kitume mwaka 1956, na kazi ikawa mikononi mwa Shirika la Mtakatifu Patrisi, maarufu kama Mapadri wa Kiltegan, lililoanzishwa Ireland mwaka 1932. Mwaka 1964 Kitui ikawa jimbo, na Askofu William Dunne akaliongoza hadi 1995. Kanisa kuu lake limewekwa chini ya jina la Mama Yetu wa Afrika, jina lenye sifa kutokana na basilika ya Algiers iliyotabarukiwa mwaka 1872. Machakos, pamoja na Makueni, ilitengwa na Nairobi mwaka 1969. Askofu wake wa kwanza alikuwa Raphael Ndingi Mwana a'Nzeki, mzaliwa wa Mwala.

Kujenga Ukambani kulikuwa na masharti tofauti na yale ya pwani. Matumbawe hayapo. Mchanga upo tele katika mito ya msimu kama Tiva, Kaiti na Thwake, lakini maji ya kuukoroga ni ya kuchimbuliwa chini ya mchanga huo huo na kubebwa kwa punda au mgongoni. Matofali huhitaji udongo mzuri, maji na kuni, vitu vitatu ambavyo nchi kavu haitoi kwa pamoja bila gharama. Mwaka wa njaa, fedha na nguvu za ujenzi huelekezwa kwenye chakula, na ndivyo inavyostahili. Kwa sababu hiyo makanisa mengi ya vigango yalianza chini ya mti, yakawa vibanda vya miti na udongo, yakapata mabati, na baada ya miaka mingi yakapata kuta za matofali au mawe. Ujenzi wa namna hii hauna tarehe moja ya kukamilika.

Nguvu iliyouendesha ni ile ambayo Wakamba huiita "mwethya", yaani kikundi cha majirani wanaosaidiana kazi kwa zamu, wengi wao wakiwa wanawake. Mwethya ulikuwepo kabla ya kanisa na kabla ya harambee ya baada ya 1963. Ulilima mashamba, ukachimba mitaro ya kuzuia mmomonyoko, ukajenga mabwawa ya mchanga. Kanisa lilipohitaji maji na kokoto, lilikuta nguvu hiyo imekwisha kupangwa. Haba na haba hujaza kibaba, na katika nchi kavu kibaba hicho ni cha maji.

Hata hivyo, pwani haikuwa mbali kama inavyodhaniwa. Kiwanda cha saruji cha Bamburi, kilichoanza kuzalisha mwaka 1954, hupata mawe yake kutoka katika miamba ya matumbawe ya kale ya pwani ya Mombasa. Kila fundi wa bara aliyefungua mfuko wa saruji hiyo alikuwa akiyafanyia kazi, katika hali nyingine, matumbawe yale yale ambayo wachoma chokaa wa Unguja waliyaweka juu ya magogo.

Uhusiano umekwenda upande wa pili pia. Askofu Boniface Lele wa Kitui alihamishwa mwaka 2005 kuwa Askofu Mkuu wa Mombasa, na baada yake kiti hicho kilishikwa na Martin Kivuva, aliyekuwa Askofu wa Machakos. Ndingi Mwana a'Nzeki naye alikuwa Askofu Mkuu wa Nairobi kuanzia 1997 hadi 2007. Nchi iliyohesabiwa na Zanzibar kuwa pembezoni ilitoa wachungaji wa kukalia viti vya pwani na vya jiji.

Nani Anakumbukwa?

Orodha ya maaskofu inaweza kuandikwa kwa ukurasa mmoja, na tarehe zake zinajulikana. Orodha ya waliojenga haipo. Watawa na wasanifu waliochora ramani hutajwa. Waliochoma chokaa, waliopondaponda sakafu na waliobeba mitungi kutoka Tiva hawatajwi. Pengo hili linaleta hasara ya kitaaluma na hasara ya kiutendaji.

Mfano ulio wazi ni matengenezo. Ukuta wa matumbawe na chokaa hupumua: unyevu huingia na kutoka, na chumvi husafiri pamoja nao. Ukuta kama huo ukipigwa lipu ya saruji, unyevu hunaswa ndani, chumvi hujikusanya, na jiwe huanza kumomonyoka chini ya uso unaoonekana mzima. Majengo mengi ya Mji Mkongwe, ambao uliandikwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, yamedhurika kwa njia hii, kwa mkono wa watu waliodhani wanayaimarisha. Fundi wa zamani alikuwa na maneno ya kila hatua ya kuilainisha na kuipika chokaa. Fundi asiye na maneno hayo hana pia kazi yenyewe, hivyo huchukua mfuko wa saruji kwa kuwa ndio unaojulikana. Neno linapokufa, ukuta huugua.

Jambo hili lawahusu wanafunzi wa Kiswahili wa Kitui na Makueni moja kwa moja. Wazee waliofyatua matofali ya makanisa ya kwanza ya vigango, na akina mama waliokuwa katika mwethya wa miaka ya 1960 na 1970, baadhi yao wangali hai. Wanayajua majina ya udongo, vipimo, zamu za kazi na nyimbo zilizoiendesha. Msamiati huo, uwe wa Kikamba au wa Kiswahili cha mafundi, unaweza kukusanywa kwa daftari na kinasa sauti. Sacleux alifanya kazi kama hiyo pwani akiwa mgeni. Mwenyeji hana kisingizio.

Hitimisho

Kutoka 1860 hadi 2023 ni miaka 163. Katika muda huo kiti cha askofu anayeihesabu Makueni kuwa yake kilitoka Zanzibar kikaenda Nairobi, kikasogea Machakos, na hatimaye kikafika Wote. Kila kilipohama, kilikaribia kidogo zaidi wale waliokuwa wakiyabeba mawe. Kwa mtazamo huu, kuundwa kwa Jimbo la Wote ni kufika kwa kiti mahali ambapo kazi ilikuwa imeanza zamani.

Bila shaka Wote nayo itapata siku moja jengo linalolingana na hadhi yake mpya, na waumini wataombwa kuchanga, katika miaka ya mvua na katika miaka ya ukame. Historia iliyosimuliwa hapa haiwashauri waharakishe wala wachelewe. Inawakumbusha tu kwamba jiwe la msingi likiwekwa, litaandikwa jina la askofu na tarehe, kama ilivyo desturi. Pakiwa na daftari kando ya jiwe hilo, lenye majina ya waliochota maji na waliokoroga udongo, Makueni itakuwa imefanya jambo ambalo Minara Miwili, pamoja na uzuri wake wote, haikufanyiwa.